Walijengewa bwawa, si sanamu

Tarehe 11 Agosti 1911, kijana wa miaka 20 kutoka Waikiki, Hawaii, aitwaye Duke Kahanamoku alijitosa katika maji ya bandari ya Honolulu, katikati ya magati mawili, akaogelea yadi 100 kwa sekunde 55 na nukta nne. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Charles Daniels, bingwa wa Marekani, na kijana huyo aliipunguza kwa sekunde nne na nukta sita. Rekodi za mbio fupi za kuogelea huvunjwa kwa vipande vya sekunde. Sekunde nne na ushei zilikuwa kituko.

Wakubwa wa chama cha michezo ya ridhaa, waliokuwa bara kwa maelfu ya kilomita, walikataa kuitambua. Mara saa zilizotumika hazikuwa za kuaminika, mara mkondo wa bahari ndio uliomsukuma. Mwaka uliofuata Duke alikwenda Stockholm akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 100, na mwaka 1920 akairudia Antwerp. Maneno yakaisha. Lakini si vigumu kuelewa kwa nini watu wa Hawaii walitamani bwawa la viwango, lililopimwa na kuthibitishwa, ambalo mtu wa bara asingeweza kulitia kasoro.

Walilipata, ila kwa mlango ambao wengi wasingeutarajia: kupitia wafu wa vita.

Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917. Wakati huo Hawaii haikuwa jimbo. Ilikuwa milki tu, iliyotwaliwa mwaka 1898, miaka mitano baada ya ufalme wa wenyeji kupinduliwa, na raia wake hawakuwa na kura ya kumchagua rais aliyewaingiza vitani. Hata hivyo vijana wapatao 10,000 wa visiwa hivyo walivaa sare, na mia moja na ushei hawakurudi. Baadhi yao walikuwa wametangulia kujiunga na jeshi la Uingereza kabla Marekani haijaamua lolote.

Vita vilipokwisha likazuka swali lililozuka kila mahali: wakumbukwe vipi? Wapo waliotaka sanamu, na mchongaji mmoja alishaleta pendekezo lake. Hoja yao haikuwa ya kubeza. Mfu wa vita anastahili kitu kitulivu, watu wapite, wavue kofia, waweke maua. Upande wa pili walikuwapo waliosema wamechoshwa na mashujaa wa shaba wanaotuliwa na njiwa, na kwamba heshima ya kweli ni kujenga kitu ambacho walio hai watakitumia: ukumbi, maktaba, hospitali, uwanja. Mabishano haya yalikuwa makali Uingereza, Australia, New Zealand na Marekani kwenyewe, na kila mji uliamua kivyake.

Honolulu iliamua kuogelea. Sheria ya mwaka 1921 ilitenga dola 250,000 kwa ajili ya kumbukumbu ambayo, kwa maelekezo ya sheria yenyewe, lazima iwe na njia ya kuogelea isiyopungua mita 100. Kuna bunge gani jingine duniani limewahi kukaa na kupitisha urefu wa bwawa kwa ajili ya marehemu? Shindano la michoro likafanyika, akashinda Lewis Hobart, msanifu majengo wa San Francisco. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa na madoido mengi, ukiwamo ukumbi wa muziki. Fedha zilipokataa, ukumbi ukafutwa. Kilichobaki ni tao kubwa la kuingilia lenye tai waliochongwa juu yake, majukwaa ya watazamaji, na mbele ya majukwaa bwawa lenyewe, mita 100 kwa yadi 40. Bwawa la Olimpiki la leo lina mita 50. Hili lilikuwa mara mbili yake kwa urefu, na halikuchimbwa ardhini. Lilizungushiwa ukuta ndani ya bahari, juu ya mwamba wa matumbawe, upande wa Waikiki unaoelekea kilele cha Diamond Head. Jina lake rasmi ni Waikiki Natatorium War Memorial.

Lilizinduliwa tarehe 24 Agosti 1927, siku ambayo Duke Kahanamoku alikuwa anatimiza miaka 37, naye ndiye aliyepewa heshima ya kuogelea kwanza. Kisha yakafuata mashindano ya kitaifa ya siku kadhaa. Walikuwapo waogeleaji kutoka Japani, na alikuwapo Johnny Weissmuller, kijana aliyempokonya Duke dhahabu huko Paris mwaka 1924. Weissmuller alivunja rekodi katika bwawa hilo jipya. Miaka mitano baadaye alikuwa Hollywood akirukia kamba za porini kama Tarzan, na hivyo ndivyo wazee wetu wa Afrika Mashariki waliokwenda sinema walivyomfahamu: Mzungu anayepiga kelele mtini katika Afrika ambayo hakuna Mwafrika aliyeijua. Wachache walijua kwamba kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote aliifanya majini.

Kwa miongo kadhaa bwawa lilifanya kilichokusudiwa. Watoto wa shule za msingi za Honolulu walipelekwa pale kufundishwa kuogelea, darasa baada ya darasa. Waogeleaji waliokuja kushinda medali walipita humo. Vita vya Pili vilipozuka, jeshi lililichukua kwa mazoezi ya askari wake na kulirudisha baadaye, likafanyiwa ukarabati mwishoni mwa miaka ya 1940. Askari wa vita vipya wakajifunza kuogelea katika kaburi la heshima la wenzao wa vita vya zamani. Sijui kama kuna sanamu iliyowahi kutoa huduma kama hiyo.

Sasa tuseme kuhusu maji, maana kisa chote kimelala humo.

Hobart alikuwa na tatizo ambalo kila mwenyeji wa pwani angemwonya. Ukitaka bwawa la mashindano ndani ya bahari, unataka maji yatulie, mawimbi yasiwayumbishe waogeleaji. Lakini maji yakitulia hayabadiliki, na yasipobadilika yanachafuka. Suluhisho lililochorwa ni ukuta wenye njia za maji zilizopindapinda ndani yake. Wimbi lipige ukuta, liingie kwenye kona, ligonge, lipoteze nguvu, na maji yatoke upande wa pili yakiwa yametulia. Maji ya kujaa yangeleta maji safi, ya kupwa yangeondoa machafu.

Kwenye karatasi ilikuwa kazi nzuri. Kwenye mwamba, njia hizo zilivunja nguvu za mawimbi na za mabadiliko ya maji kwa pamoja. Tofauti ya maji kupwa na kujaa Hawaii ni ndogo, haifiki hata mita moja siku za kawaida, haina mfano wa bamvua ya kwetu inayoacha nusu ya ufuo mkavu. Kwa hiyo msukumo wa kuyasafisha maji yale ulikuwa hafifu tangu siku ya kwanza. Mchanga na tope vikaingia na kukaa. Sakafu ya bwawa ikawa laini ya kuzamisha mguu, na maji yakawa na ukungu, kiasi cha mtu aliyesimama juu kushindwa kumwona aliyezama chini. Mwokoaji asiyeona sakafu hana kazi ya kufanya.

Kisha zege. Mtu aliyejenga karibu na bahari, iwe Oysterbay, Nyali au Forodhani, anajua chumvi inavyofanya. Hupenya taratibu hadi kwenye nondo, nondo ikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Hapo zege hupasuka kutoka ndani. Nje unaona ufa mdogo na doa la kahawia, ukadhani ni rangi. Dawa yake ni matengenezo ya kila mwaka yasiyo na sherehe wala utepe wa kukata, na hapo ndipo serikali nyingi duniani huwa na shughuli nyingine. Habari za uchakavu zilianza kusikika bwawa likiwa bado halijatimiza miaka mitano. Ukarabati mkubwa ulipofanyika baada ya vita, ulifuatiwa na ukimya mwingine mrefu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wenye mamlaka walitaka kulibomoa. Wananchi wakaunda kamati, wakaenda mahakamani, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Hawaii ikawapa ushindi. Bwawa likabaki, ila ushindi wa mahakamani hauleti saruji. Mwaka 1979 lilifungwa kwa sababu za afya na usalama. Mwaka uliofuata liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria. Yaani liliheshimiwa rasmi mara tu lilipoacha kutumika, na tangu hapo waogeleaji hawajarudi.

Mwaka 2000 tao na majukwaa vilipakwa rangi na kutengenezwa kwa dola milioni kadhaa, vikang'aa. Bwawa lenyewe halikuguswa kwa sababu kesi nyingine ilikuwa imezuia kazi ya majini mpaka kanuni za afya za mabwawa ya maji chumvi zipatikane. Kwa hiyo mgeni aliyepita barabarani aliona jengo jeupe la fahari, na akizunguka nyuma anakuta uzio, sehemu za njia zilizoporomoka na maji ya rangi ya chai ya rangi. Meya mmoja aliamuru kazi iendelee, aliyemfuata akaisimamisha. Mwaka 2013 meya na gavana walitangaza kwa pamoja kwamba bwawa libomolewe, tao lisogezwe, na mahali pake pafanywe ufuo. Kubomoa kungegharimu takriban dola milioni 18, kukarabati kikamilifu milioni 70. Mwaka 2014 taasisi ya kitaifa ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ikalitangaza kuwa hazina ya taifa, na mambo yakarudi mezani.

Usidhani wanaotaka libomolewe ni watu wasiojali wafu. Kando ya ukuta wa bwawa kuna ufuo mdogo unaoitwa Kaimana, unaopendwa na wenyeji kuliko fukwe za mahotelini, na wapo wanaouliza kwa nini eneo hilo la bahari lifungiwe magofu wakati watoto wao hawana pa kuchezea. Swali ni halali. Lakini mchanga wa Kaimana, kwa sehemu, umekaa pale kwa sababu ukuta wa bwawa umeuzuia usichukuliwe na maji. Ukiondoa ukuta bila hesabu, huenda ukaondoa na ufuo. Wafu wanashikilia mchanga wa walio hai, na hili ni suala la uhandisi, si la hisia.

Mwaka huohuo bwawa lilipozinduliwa, 1927, huku kwetu ilizinduliwa kumbukumbu ya Vita hivyohivyo vya Kwanza. Pale Dar es Salaam, kwenye mzunguko ambapo Mtaa wa Samora unakutana na Azikiwe, askari wa shaba aliwekwa mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa na Waingereza mwaka 1916. Bunduki yake imeelekea bandarini na singe iko mbele. Nairobi ilipata yake mwaka 1928, yenye watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sanamu hizi hazijahitaji pampu wala mwokoaji. Karibu miaka mia imepita na zimesimama, zimepitwa na mabasi, mikokoteni, bajaji na maandamano. Kwa upande wa kudumu, wenye sanamu walishinda.

Kwa upande wa majina, hapana. Mbele ya bwawa la Waikiki kuna jiwe lenye orodha ya waliokufa, mmoja mmoja. Askari wetu wa shaba anawawakilisha wote na hamtaji yeyote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi huenda ikafika 350,000. Wengi walikuwa wapagazi, waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria wakiwa na mzigo kichwani. Kama kuna kumbukumbu yao inayotumika kila siku, ni Kariakoo, mahali palipokuwa kambi yao, ambapo leo watu wananunua vitenge, simu na nyanya. Hakuna bunge lililoipitisha. Ilitokea tu.

Australia ndiko wazo la bwawa la ukumbusho lilikopokewa kwa mikono miwili, hasa baada ya Vita vya Pili. Miji midogo yenye joto kali, isiyo na bahari karibu, ilichangishana kwa minada, dansi na keki za akina mama, ikachimba bwawa na kuweka kibao cha majina langoni. Nimependa zaidi lile la Townsville, Queensland, lililofunguliwa mwaka 1950 na kupewa jina la Tobruk, mji wa bandari wa Libya ambako Waaustralia wapatao 14,000 walizingirwa na majeshi ya Ujerumani na Italia mwaka 1941. Watu walioshindia kiu jangwani wamejengewa maji. Mwaka 1956 timu ya taifa ya kuogelea ilipiga kambi hapo kujiandaa na Olimpiki ya Melbourne, kwa sababu Agosti kusini mwa nchi ni baridi na Townsville ni joto. Tarehe 25 mwezi huo, katika bwawa hilo, Lorraine Crapp alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kuogelea mita 400 kwa mtindo huru chini ya dakika tano. Michezo ilipofika, Waaustralia walitwaa kila dhahabu ya mtindo huru, wanaume kwa wanawake.

(Nchi hiyo hiyo ilimpoteza waziri mkuu wake, Harold Holt, aliyekwenda kuogelea baharini Desemba 1967 na asionekane tena. Melbourne ilimkumbuka kwa kituo cha kuogelea chenye jina lake. Waaustralia wenyewe hulicheka jambo hilo.)

Lakini bwawa la umma lina lango, na lango lina mlinzi. Februari 1965 Charles Perkins, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sydney aliyekuwa Mwaborijini, aliongoza basi la wanafunzi wenzake kuzunguka miji ya ndani ya New South Wales. Kule Walgett walisimama nje ya klabu ya wanajeshi wastaafu iliyokuwa ikiwakataa Waaborijini waliopigana vita hivyohivyo. Kule Moree walikwenda kwenye bwawa la manispaa ambalo watoto wa Kiaborijini walikuwa wamezuiwa kuingia, wakajaribu kuwaingiza, wakapigwa kwa mayai na nyanya na umati wenye hasira. Sanamu haiwezi kumkataza mtu kuitazama. Kitu cha kutumika kinaweza, na hapo ndipo kinapoonyesha kilijengwa kwa ajili ya nani hasa.

Kurudi Waikiki. Mpango uliotolewa katika tathmini ya mazingira ya mwaka 2018, wa takriban dola milioni 25, uliingia katikati ya pande mbili. Tao na majukwaa vibaki. Ukuta wa bahari wenye njia zilizopinda uondolewe, na mahali pake pawe na njia ya kutembea iliyosimama juu ya nguzo, bahari ipite chini yake bila kizuizi. Maji yatakuwa safi kwa sababu yatakuwa bahari tupu. Kwa kuwa ni bahari, kanuni za mabwawa hazitahusika. Na kwa kuwa kanuni hazitahusika, hapatakuwa tena na bwawa la mita 100 lililoagizwa na sheria ya mwaka 1921. Ni ujanja wa kiwakili, na naukubali nusu.

Nusu nyingine nabaki na wasiwasi. Kila Mei, siku ya Wamarekani ya kuwakumbuka wafu wa vita, watu hukusanyika chini ya tao, mataji ya maua huwekwa, hotuba husomwa, kisha wanatawanyika. Hiyo ni shughuli ambayo sanamu yoyote ingeiweza. Mwaka 1921 walichotaka ni kingine, na walikitaja kwa vipimo. Kama ningekuwa na kura Honolulu, ningeuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: baada ya ukarabati, ni watoto wangapi wa shule za msingi watafundishwa kuogelea hapo kwa mwaka, na mshahara wa mwalimu wao uko kwenye fungu gani la bajeti. Katika michoro ya mpango huo nguzo zimehesabiwa moja moja. Mwalimu hayumo.